ULIMBO WA BAHARI
Ginsi vimea vidogo vya maji vinavyotoa utelezi, na ginsi utelezi huo unavyomuhusu mulimaji na muvuvi

Ukivuka muto pahali pa mawe, unaangalia vizuri kabla ya kukanyaga. Unajua mawe yale yanateleza. Ukilipapasa jiwe moja kwa mukono, unasikia kitu laini kama muchuzi wa mulenda ao wa gombo. Watu wengi wanasema: huo ni uchafu wa maji tu. Sivyo. Utelezi ule una wafanya kazi wake. Unatoka katika vimea vidogo sana vinavyokaa juu ya jiwe, na kila siku vinautoa katika miili yao.

Katika bahari vimea vya namna hiyo ni vingi kupita hesabu, na utelezi wao ni mwingi vilevile. Mara nyingi mutu hauoni. Lakini kuna miaka unapozidi, ukafunika maji kama malai juu ya maziwa, ukaziba nyavu, ukaua chaza, na hata watu wamekufa kwa ajili yake. Tena sehemu ya chakula kinachofanya utelezi uzidi yatoka katika mashamba. Ndiyo sababu habari hii inakuhusu wewe mulimaji, hata kama hujaona bahari.

Tutaeleza mambo manne: vimea hivyo ni nini; sababu gani vinatoa ulimbo; ulimbo huo una faida gani; na hasara gani inakuja ukizidi.

1. VIMEA VISIVYOONEKANA

Mutu akisikia neno "mimea", anafikiri muhindi, mihogo, migomba, ao miti ya musitu. Lakini bahari nayo ina mashamba yake. Mashamba hayo hayajui jembe wala mupaka. Mimea yake haina mizizi, haina shina, haina jani. Kila kimea ni chembe moja tu, kinaelea katika maji ya juu, pahali mwanga wa jua unapofika. Vingi ni vidogo hata ukivipanga 50 katika mustari mumoja, mustari huo hautapita milimetri 1. Kukiona kimoja peke yake kunataka mikroskopi. Lakini vikiwa vingi pamoja, macho yanaona rangi yao: maji yanageuka kuwa ya majani mabichi, ao ya manjano, ao mekundu kama kutu ya chuma.

Namna zao ni nyingi. Kuna diatome: kila moja inakaa ndani ya gamba gumu, na gamba hilo limefanywa kwa silisi, ndicho kitu kile kinachofanya muchanga mweupe na kioo cha chupa. Kuna dinoflajelati: hizo zina mikia miwili myembamba, zinaogelea. Kuna feosisti: hizo zinakaa maelfu pamoja ndani ya mufuko mumoja wa utelezi, kama mayai ya chura.

Usividharau kwa sababu ya udogo wao. Ukipima uzito wa mimea yote ya dunia, vimea vya bahari havifiki hata sehemu 1 katika 100. Lakini vinafanya karibu nusu ya kazi yote ya mimea: kukamata hewa ya kaboni kwa nguvu ya jua, kufanya sukari, na kutoa hewa ya oksijeni tunayoivuta. Vinawezaje? Vinazaliana upesi. Kikipata chakula na mwanga, kimea kimoja kinaweza kujigawanya kuwa viwili kwa siku moja. Leo ni 1, kesho ni 2, kesho kutwa ni 4; baada ya siku 10 ni 1,024. Vidudu vidogo vya maji vinavila. Samaki wadogo wanakula vidudu hivyo. Samaki wakubwa wanakula wadogo. Na mutu anakula wote. Bila vimea hivi hakuna samaki wa bahari sokoni.

2. SABABU GANI KIMEA KINATOA ULIMBO?

Fikiri nyumba yenye unga mwingi wa mihogo, lakini haina maharagwe, haina samaki, haina nyama. Watoto wanakula bukari kila siku, matumbo yanajaa, lakini miili haikui vizuri. Unga unabaki chunguni. Kimea cha bahari kinapata shida ileile.

Jua likiwaka, kimea kinafanya sukari. Sukari hiyo ndiyo unga wake. Lakini kujenga mwili na kuzaa hakutoshi kwa sukari peke yake: kunataka azoti na fosfori, tena diatome zinataka silisi kwa gamba lao. Vitu hivi vinayeyuka katika maji, lakini si vingi sikuzote. Wakati vimea vinapozaliana sana, vinakula azoti na fosfori ya maji hata inakwisha. Siku hiyo uzazi unasimama. Lakini jua halisimami. Kimea kinaendelea kufanya sukari, na hakina namna ya kuigeuza kuwa mwili. Basi kinaitoa inje.

Kumbuka jambo hili, maana ndilo musingi wa habari yote: ulimbo unazidi pahali chakula kimepungua upande mumoja. Si njaa ya kila kitu, wala si shibe ya kila kitu. Ni chakula kisicholingana: jua tele na azoti tele lakini fosfori imekwisha, ao kinyume chake.

Sukari inayotoka haiko kama sukari ya chai. Imeungwa, punje moja kwa ingine, kama shanga katika uzi, na nyuzi hizo ni ndefu. Katika maji ya bahari muna chokaa iliyoyeyuka. Chokaa hiyo inashika uzi huu na uzi ule, inavifunga pamoja kama kamba inavyofunga majani ya kuezekea nyumba. Nyuzi nyingi zikifungwa hivyo zinafanya wavu mudogo uliojaa maji. Huo ndio ulimbo. Sehemu yake kubwa kabisa ni maji, kama mulenda ulivyo maji mengi na kitu kigumu kidogo, lakini unanata.

Tena kuna vimea vinavyotoa ulimbo kwa faida yao wenyewe, hata kabla chakula hakijapungua. Diatome zinazokaa juu ya matope na mawe zinautumia kwa kutembea na kujishikiza, maji yasizichukue. Feosisti zinaufanya kuwa nyumba, na vidudu vidogo haviwezi kuumeza mufuko mukubwa kuliko mudomo wao.

3. KIMEA KIKIFA

Kifo nacho kinaongeza ulimbo. Vimea vya bahari havikai siku nyingi. Kimoja kinavunjwa na kidudu kinachokila, kingine kinashikwa na virusi, kingine kinakufa kwa njaa ao kwa kukosa mwanga. Ngozi yake inapasuka, na vitu vyote vilivyokuwa ndani vinamwagika: sukari, proteini, mafuta. Vitu hivyo vinajiunga na ulimbo uliotoka zamani.

Kisha mikrobi wanafika. Wanakula sehemu iliyo laini, wanaacha sehemu iliyo ngumu kuliwa. Wao wenyewe wanatoa utelezi wao juu yake. Hivi shamba la vimea likifika mwisho wa nguvu yake, wengine wakiwa hai bado na wengine wakiwa wamekufa, ndipo maji yanajaa ulimbo kupita wakati wote.

Kwa miaka mingi wenye elimu ya bahari hawakujua kadiri yake, sababu ulimbo hauna rangi. Mikroskopi yenyewe haikuuonyesha. Mwaka 1993 Alice Alldredge, Uta Passow na Bruce Logan walieleza kwa maandiko ginsi walivyotia maji ya bahari rangi ya buluu iitwayo alsiani, inayoshika sukari za namna ile. Palipoonekana patupu, pakaonekana vipande vingi vya buluu, vidogo na vikubwa. Tangu wakati ule watu wanapima ulimbo katika bahari zote, na pote wanaukuta.

4. FAIDA YA ULIMBO

Ya kwanza: unapeleka chakula chini.

Watoto wanapakaa ulimbo wa muti juu ya kijiti, na ndege akitua anashikwa. Ulimbo wa bahari unafanya vilevile. Vimea vilivyokufa, magamba ya diatome, mavi ya vidudu, vumbi, vyote vikigusana na ulimbo vinashikwa pamoja. Donge linakua. Likipita nusu ya milimetri, wenye elimu wanaliita theluji ya bahari, maana katika giza la chini linaonekana jeupe, linashuka polepole kama theluji inayoanguka juu ya vilele vya Ruwenzori.

Tazama hesabu. Kimea kimoja kidogo, kikizama peke yake, kinashuka kadiri ya metri 1 kwa siku ao chini yake. Bahari, ukilinganisha pahali pote, ina kina cha karibu metri 3,700. Kimea kile kingetaka miaka 10 kufika chini. Kitaliwa ao kuoza zamani kabla ya kufika. Lakini donge zito linaweza kushuka metri 100 kwa siku: linafika kwa siku 37. Wanyama wa chini kabisa, pasipofika jua, wengi wao wanaishi kwa makombo haya.

Tena donge likishuka linabeba kaboni iliyotoka katika hewa. Ikifika chini sana, inakaa huko miaka mingi kabla ya kurudi. Kila mwaka bahari inapokea karibu robo ya hewa ya kaboni inayotoka katika moshi wa viwanda, magari na moto wa watu. Sehemu kubwa ya hiyo inayeyuka katika maji yenyewe. Lakini theluji ya bahari ndiyo moja ya njia zinazoshika kaboni huko chini, isirudi upesi hewani.

Ya pili: unashika udongo.

Kwenye mudomo wa muto Escaut, mupakani mwa Ubelgiji na Uholanzi, kuna matope mapana yanayofunikwa na bahari ikijaa, na kufunuliwa ikipwa. Juu ya matope hayo diatome zinafanya ngozi nyembamba ya rangi ya udongo. Ulimbo wao unashika punje za matope pamoja, na mawimbi madogo hayawezi kuyachukua. Pahali ngozi ile imevunjwa, matope yanakwenda na maji. Wewe mulimaji wa mulimani unalijua neno hili: pahali pa majani udongo unabaki, pahali palipo uchi udongo unashuka.

5. ULIMBO UKIZIDI

Ulimbo mupya, usio na muzigo, ni mwepesi kuliko maji ya bahari. Unapanda juu pamoja na mapovu madogo ya hewa. Ukipata vitu vizito, unazama. Ukipata vitu vya kadiri, unasimama katikati, kama wingu ndani ya maji. Siku za upepo mawimbi yanauvunja. Lakini kama bahari imetulia siku nyingi, na maji ya juu yana joto, unakusanyika hata unakuwa mashuka mazima. Sikia mifano.

Bahari ya Adriatiki. Iko kati ya Italia na nchi za mashariki yake. Huko habari za utelezi huu zimeandikwa tangu mwaka 1729. Wavuvi walivuta nyavu wakakuta zimejaa makamasi, wakaita jambo lile "bahari chafu". Miaka ya 1988 na 1989 ulikuja mwingi sana, ukafunika maji karibu na pwani, na wageni waliozoea kuja kuoga wakakimbia. Muto Po unaingia katika bahari hiyo, umetoka kupita katikati ya mashamba makubwa ya Italia, umebeba azoti nyingi kuliko fosfori. Uliona juu: chakula kisicholingana.

Mutu akisema kwamba mbolea peke yake ndiyo iliyoleta neno hili, amekosa. Mwaka 1729 hakukuwa mbolea ya kiwanda. Joto, utulivu wa maji, na namna ya bahari yenyewe vina sehemu yao. Lakini chakula kikiongezwa na watu, neno lililokuja mara chache linaweza kuja mara nyingi.

Bahari ya Marmara. Hii ni bahari ndogo ya Uturuki, kati ya milango miwili myembamba. Juu kuna maji yenye chumvi kidogo yanayotoka Bahari Nyeusi. Chini kuna maji ya chumvi nyingi yanayotoka Mediterranea. Maji hayo mawili hayachanganyiki upesi. Kando yake kuna Istanbul na miji mingine, watu zaidi ya milioni 20, na maji machafu mengi yalimwagwa humo bila kusafishwa vizuri. Utelezi mwingi ulionekana miaka ya 2007 na 2008. Mwaka 2021 ulikuja kupita ule wa kwanza. Watu wa huko wakauita "mate ya bahari". Wavuvi walitupa nyavu zikarudi nzito kwa ute, bila samaki. Wengine waliacha kazi miezi mizima. Ulimbo ulipozama ulifunika wanyama wa chini wasioweza kukimbia. Tarehe 6 ya mwezi wa sita serkali ya Uturuki ilitangaza kazi 22 za kuokoa bahari hiyo, na siku mbili baadaye mashua na mabomba ya kunyonya yakaanza kuuondoa. Lakini wenye elimu walisema wazi: kuchota ute ni kupangusa sakafu wakati dari linavuja. Dawa ni kusafisha maji machafu kabla ya kuyamwaga.

Bahari ya Kaskazini. Pwani ya Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa ya kaskazini, kila mwaka katika mwezi wa ine na wa tano, feosisti zinazaliana. Kwanza diatome zinaota. Zikimaliza silisi ya maji, zinasimama. Lakini azoti iliyoletwa na mito Escaut, Meuse na Rhin inabaki nyingi. Feosisti hazina haja ya silisi, basi zinachukua nafasi. Zikichakaa, mifuko yao inapasuka, na upepo ukipiga maji yenye ulimbo, unafanya povu, kama sabuni katika beseni. Povu hilo linafunika muchanga wa pwani.

Mwaka 2001, katika Oosterschelde ya Uholanzi, feosisti nyingi zilizama na kuoza juu ya mashamba ya chaza weusi. Oksijeni ikakwisha chini, na kadiri ya kilo milioni 10 za chaza zikafa. Fikiri: wenye mashamba yale walikuwa wameyachunga miaka, wakapoteza mali nyingi.

Tarehe 11 ya mwezi wa tano, mwaka 2020, huko Scheveningen, watu waliozoea kupanda mawimbi kwa mbao waliingia majini wakati upepo mukali unavuma. Upepo ule ulikusanya povu nene karibu na ukuta wa bandari. Watu 5 walikufa humo. Walikuwa waogeleaji hodari. Lakini katika povu nene mutu haoni, haonekani, wala hapati hewa ya kuvuta. Na povu halimubebi kama maji yanavyomubeba.

Pwani ya Oman. Miaka ya 2008 na 2009 dinoflajelati ziligeuza maji ya Oman na ya nchi za jirani kuwa mekundu. Samaki wengi walikufa. Nchi zile hazina mito mikubwa. Watu wanakunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi katika viwanda. Vimea na ulimbo wao vikaziba vichujio, na viwanda vingine vikafungwa kwa muda.

Tena kuna hasara moja isiyofikiriwa. Mwaka 2010, katika Ghuba ya Meksiko, kisima cha mafuta kilipasuka chini ya bahari. Watu walingoja mafuta yote yapande juu. Sehemu moja ilinaswa katika theluji ya bahari, ikazama nayo, ikafunika matumbawe ya chini. Ulimbo hauchagui: unabeba chakula, na unabeba sumu vilevile.

6. UKIOZA, SAMAKI WANAKOSA HEWA

Umekwisha kuona neno hili kwa chaza, lakini ulijue vizuri. Samaki anavuta oksijeni iliyoyeyuka katika maji. Mikrobi wanaokula ulimbo na vimea vilivyokufa wanavuta oksijeni ileile. Vikioza vingi pamoja, mikrobi wanaimaliza, na samaki wa chini wanakufa ao wanakimbia. Ni kama kufunga watu wengi usiku katika nyumba isiyo na dirisha.

Maziwa yetu hayana maji ya bahari, lakini kanuni ni ileile. Ziwa Tanganyika lina kina cha metri 1,470, lakini oksijeni haifiki hata sehemu moja katika tano ya kina hicho. Chini yake hakuna samaki hata mumoja. Ndakala wote wanaishi katika maji ya juu, kwa nguvu ya vimea vidogo vya ziwa. Katika Ziwa Viktoria, tangu miaka ya 1960, vimea vidogo vimeongezeka sana kwa sababu ya udongo na uchafu unaoingia kutoka inchi kavu, na maji ya chini yamepoteza oksijeni miezi mingi ya mwaka. Upande wa kaskazini wa Tanganyika, pahali milima imefyekwa, matope yameshuka yakafunika mawe ya pwani, na namna za samaki na vidudu zimepungua pahali pale. Maji yanapokea kila kitu ambacho mulima umeshindwa kushika.

7. MULIMAJI AFANYE NINI?

Sasa tazama neno lenyewe kwa macho ya mali. Azoti na fosfori ndizo nguvu ya shamba. Ukinunua mufuko wa mbolea, umenunua vitu hivyo viwili. Mvua kubwa ikiviosha, muhindi wako unakuwa wa manjano, na vimea vya maji vinashiba kwa franga zako. Umepata hasara mara mbili: shambani leo, na kesho katika wavu wa ndugu yako muvuvi.

Basi fanya hivi:

a) Usitie mbolea wakati mawingu ya mvua kubwa yamekusanyika. Uigawe: tia kidogo wakati wa kupanda, na sehemu ingine wakati mumea umeshika mizizi. Ifunike na udongo, usiiache juu.

b) Mbolea ya ng'ombe na takataka uziweke katika shimo lililofunikwa, mbali na muto.

c) Mulimani, lima kwa kukata mulima, si kwa kushuka nao. Chimba mitaro ya kuzuia maji, na kando ya mitaro panda majani yenye mizizi mingi.

d) Kando ya muto na ziwa acha ukanda wa matete na majani, usiulime. Ukanda huo unachuja maji kabla hayajaingia mutoni.

e) Usioshe mifuko ya mbolea wala ya dawa katika maji wanayokunywa watu.

f) Choo kiwe mbali na maji. Uchafu wa watu nao una azoti na fosfori, tena una magonjwa.

Na wewe muvuvi: maji yakigeuka rangi kwa gafula, ao yakifanya utelezi mwingi, ao samaki wakielea wamekufa, usiokote samaki wale kwa kula ao kuuza. Peleka habari kwa wakubwa wa uvuvi upesi. Nyavu zilizojaa ute uzisafishe kabla hazijakauka, maana ukikauka unashika nyuzi na kuziharibu. Na kama uko pwani ya bahari siku ya upepo mukali na povu nene, usiingie majini, hata ukiwa hodari namna gani.

8. MANENO YA KUKUMBUKA

1. Utelezi wa bahari si uchafu tu. Unatoka katika vimea vidogo vyenye uhai, vikikua na vikifa.

2. Vimea vinatoa ulimbo zaidi wakati jua ni tele na moja ya vyakula vyao, azoti ao fosfori, imekwisha.

3. Kwa kadiri yake, ulimbo ni mwema: unalisha wanyama wa chini, unashusha kaboni, unashika matope.

4. Ukizidi katika maji yaliyotulia na yenye joto, unaziba nyavu, unamaliza oksijeni, unaua.

5. Watu hawawezi kutuliza upepo wala kupunguza jua. Lakini wanaweza kupunguza chakula wanachomwaga majini.

Mvua ya kwanza ikinyesha, nenda ukasimame pahali maji ya shamba lako yanapotokea. Yachote katika chupa nyeupe, uiache itulie hata kesho yake. Udongo utakaouona chini ya chupa ni udongo wako. Kama ni mwingi, anza kuchimba mitaro juma hilohilo, kabla mvua nyingi hazijafika.